Funguo za Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Balaa. Mama Mkwe ametangaza kwamba amechoka.

Tulikuwa tunapanga viti kabla ya wateja wa mchana. Akaacha kumenya kitunguu saumu, akafuta mikono, akasema magoti hayamtii tena na kwamba Jumapili, tukishafunga, atamkabidhi mtu mmoja funguo za mkahawa. Mtu mmoja! Hakusema nani. Alitazama dari, kisha akarudi kwenye kitunguu saumu chake. Mimi nilikuwa nimeshika viti viwili, nikabaki nimevishika mpaka mke wangu akaja kuninyang'anya.

Wa kukabidhiwa ni wawili tu. Wa kwanza ni mimi, mume wa binti yake mkubwa. Nahudumia meza, napokea wageni, tena ni Msimamizi wa Mipango. (Cheo hiki nilijipa mwenyewe, lakini hakuna aliyekipinga.) Wa pili ni mwanyumba wangu, yaani mume wa mdogo wake mke wangu. Yeye ni mtu wa tanurini. Anasukuma unga, anatandaza nyanya na jibini, anaingiza piza motoni kwa beleshi lake refu la mbao, anaitoa. Basi. Hasemi. Ukimsalimu asubuhi, ukiwa na bahati utajibiwa kabla ya adhuhuri. Piza zake watu huzifuata kutoka ufukweni wakiwa bado na mchanga miguuni. Hilo nalikubali. Lakini je, mkahawa wa piza unaendeshwa kwa piza tu?

Naandika ukweli hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Naogopa. Sisi tunaishi vyumba vya juu ya mkahawa, mimi, mke wangu na binti yetu. Mwanyumba amepanga kijumba nyuma ya soko, na watoto wake ni wengi, hawana pa kukanyaga. Akipata funguo atataka na vyumba. Nani asingetaka? Dirisha la jikoni kwetu linaonyesha kipande cha bahari kama taulo lililoanikwa. Tutakwenda wapi? Biashara yangu ya mayai ilikufa (niliuziwa majogoo matupu). Biashara ya kukodisha miavuli ufukweni ilipeperushwa siku ya kwanza, na miavuli yenyewe. Mara zote mbili mke wangu hakunicheka, na hilo ndilo linaloniuma. Safari hii nikishindwa sijui nitamtazama vipi usoni.

Usingizi umegoma. Nimekunywa maji ya tangawizi. Bado.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Mpango wa kwanza: kuonekana mtu wa kubana matumizi. Mama Mkwe kila siku analia na kuni, kwamba zinatumaliza. Nikawaza, mbona ufukweni kumejaa magogo yaliyotupwa na maji? Kuni za bure! Watu wanazikalia tu wakila karanga!

Nilitoka na toroli jua likichomoza. Nikajaza. Nikarudi nikiimba. Nikawasha tanuri mwenyewe kabla mwanyumba hajafika, nikasimama kando yake mikono kiunoni, nikimsubiri Mama Mkwe aje kuona mtu mwenye maono.

Moshi! Si moshi wa kawaida. Mzito, wa kijivu, wenye harufu ya samaki aliyesahaulika. Magogo yale yalikuwa yamekunywa bahari miaka mingi na sasa yalikuwa yanaitapika mkahawani. Mama Mkwe aliyekuja kukaa kwenye meza yake ya mlangoni alianza kutokwa na machozi. Mteja wa kwanza, bibi mmoja aliyekuja na wajukuu zake, akamshika mkono na kumwambia ajipe moyo, kwamba hata yeye aliondokewa na mumewe na sasa amezoea. Mama Mkwe ni mtu wa adabu, hakumsahihisha. Wakakaa hivyo wameshikana mikono, wote wawili wakilia.

Mwanyumba alifika. Akatazama tanuri. Akatazama magogo. Akanitazama mimi. Akafungua madirisha yote, akayatoa magogo yangu moja moja kwa beleshi mpaka uani, yakiwaka. Akafagia sakafu ya tanuri. Alisema neno moja tu, "Chumvi," akaendelea na kazi. Ni kweli, piza za kwanza zilitoka na ladha ya maji ya kuogelea. Mteja mmoja aliniuliza ni kiungo gani. Nikamwambia ni mtindo mpya. Akaomba mtindo wa zamani.

Jioni Mama Mkwe aliuliza kama mimi ni mzima. Alimuuliza mke wangu, naye akaniuliza mimi, ingawa sote watatu tulikuwa meza moja. Ndivyo tulivyo. Tangu nimuoe binti yake, mimi na Mama Mkwe hatujawahi kuzungumza jambo zito ana kwa ana. Shikamoo, marahaba, chumvi iko wapi, basi. Mengine yote hupitia kwa mke wangu. Ni heshima, na kwa upande wangu ni woga pia. Nikajibu kupitia njia hiyohiyo kwamba mimi ni mzima kabisa. Nguo zangu bado zinanuka pweza.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Nimewaona! Wananong'ona!

Nilikuwa nafuta meza ya dirishani. Mama Mkwe alinyanyuka kwa magoti yaleyale yanayomshinda, akaenda mwenyewe mpaka tanurini. Mwanyumba akainama. Wakanong'ona. Mwanyumba alikuwa anaongea! Midomo ilikuwa inacheza, sentensi nzima, labda mbili. Kisha Mama Mkwe akamwekea mkono begani na kutikisa kichwa kwa kukubali. Mimi hajawahi kunigusa bega. Siku ya harusi alinigusa kiwiko.

Akufukuzaye hakwambii toka, na mimi hata kunong'onewa sijanong'onewa.

Nikamwendea mke wangu, aliyekuwa anapokea oda za simu kwa sikio moja na kumsikiliza mleta nyanya kwa sikio la pili. Nikamwomba akamdadisi mama yake. Akasema hana muda wa upelelezi, nyanya nusu zimepondeka. Akaniambia kama nina wasiwasi nikamuulize mwanyumba mwenyewe, yule ni ndugu si chui. Nikasema sawa, nitamuuliza.

Sikumuuliza. Nilijificha stoo ya unga, ambayo imepakana na tanuri, nikatega sikio ukutani nyuma ya magunia. Kama watarudia kunong'ona, nitasikia. Nilikaa. Nilikaa sana. Nilichosikia ni kuni zikipasuka na mwanyumba akipiga mluzi, wimbo uleule, mwanzo tu. Halafu gunia la juu likaamua kushuka.

Nilipotoka nilikuwa mweupe toka utosini hadi viatuni. Mtoto wa meza ya tatu akapiga yowe na kujificha chini ya meza. Baba yake akainuka na uma mkononi. Nikawaambia karibuni sana, mnakula nini leo? Vumbi la unga likanitoka mdomoni. Mama Mkwe alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamwita mke wangu.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Yamenifika shingoni. Asubuhi hii mwanyumba amenijia, mimi, kwa hiari yake, akafuta mikono kwenye aproni na kusema, "Shemeji, nina neno nawe."

Neno! Mtu ambaye kwa wiki nzima hutumia maneno machache kuliko redio iliyozimwa! Nilijua ni nini. Atanipa taarifa ya vyumba. Atasema kwa upole, maana ni mpole, kwamba watoto wamekua, kwamba tusichukiane, kwamba tufungashe taratibu. Mtu hawezi kufukuzwa kama hajaambiwa. Kwa hiyo niliamua nisiambiwe.

Nikamwambia ngoja kidogo, natoa takataka. Nikatoa takataka. Nilipoona anakuja uani nikazunguka na pipa tupu mpaka mbele. Mchana akanikaribia kati ya meza, nikaingia chooni. Nikajifungia. Mteja akagonga. Nikasema kuna hitilafu. Alasiri nikamwona anaweka beleshi chini na kutazama huku na huku, nikachukua piza iliyokuwa kaunta na kutangaza naipeleka kwa kinyozi. Kinyozi hakuwa ameagiza piza. Alinishukuru sana, akanikatia na nywele, ingawa nilikuwa nimekata Jumapili. Piza yenyewe ilikuwa ya familia iliyokaa meza ya nje. Mke wangu aliwaomba radhi, akawatengea juisi, na nilipofika akaniuliza tu kama siku hizi ninajisikia vibaya mahali fulani.

Nilitaka kumwambia. Alikuwa amekaa ngazini na miguu yake kwenye beseni la maji ya moto, anapiga mahesabu ya oda za kesho kichwani. Nilitaka kusema mke wangu, naogopa tutatolewa humu. Nikasema nyanya za leo zilikuwa nzuri.

Mwanyumba hajaninyang'anya chakula cha usiku, lakini sikukila. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Lazima nimtangulie.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Nimepata! Mpango wa kufa kupona. Meza ya Watoto!

Kila Jumamosi saa nane, watoto wa mtaa huja kutengeneza piza zao wenyewe. Tunaunganisha meza kutoka mlangoni mpaka kwenye sinki, kila mtoto anapewa donge lake la unga, analisukuma, analivuruga, analiwekea anachotaka. Mwanyumba hupita na beleshi akizikusanya, anazichoma, zinarudi kila moja kwa mwenyewe. Haandiki jina. Haweki alama. Hajawahi kukosea hata mara moja. Sijui anafanyaje, nadhani ni kumbukumbu tu. Mimi saa hiyo huwa nje na wazazi, nawachangamsha.

Ndiyo siku ambayo Mama Mkwe huipenda kuliko zote. Yeye ndiye aliyeianzisha. Na Jumamosi ya kesho ndiyo ya mwisho kabla ya uamuzi. Nikiing'arisha Meza ya Watoto, nani atakumbuka magogo?

Kinachokosekana pale ni furaha. Watoto wakishatengeneza piza hukaa tu wakingoja, maana Mama Mkwe ana sheria yake moja: mtoto akikaa, asihame kiti mpaka ale. Adabu za zamani. Watoto wamekaa kama wanangoja daktari! Kesho, piza zikiwa tanurini, nitawachezesha. Nitapiga makofi, watazunguka meza, nikiacha kupiga kila mmoja anarukia kiti kilicho karibu. Wazazi watacheka. Mama Mkwe atacheka. Mwanyumba atakuwa ameupa mgongo mkahawa mzima, anatazama moto, kama kawaida yake. Tofauti kati yetu itaonekana bila mimi kusema neno.

Nimejaribu makofi mbele ya kioo. Binti yetu amesema ninaonekana kama mtu anayefukuza kuku.  

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Mungu wangu.

Ilianza vizuri mno. Watoto walijaa, meza nzima. Daktari wa meno alimleta mwanawe asiyekula kitunguu. Kulikuwa na pacha wanaogombana hata juu ya hewa. Kulikuwa na kasichana kenye gauni jekundu kalikotengeneza piza ya umbo la moyo kwa ajili ya bibi yake anayeumwa, ulimi nje, taratibu kabisa, kipande cha nyanya hapa, kipande cha nyanya pale. Mwanyumba akapita na beleshi kuanzia mlangoni mpaka kwenye sinki. Piza zikaingia motoni. Nikapiga makofi.

Walizunguka! Walicheka! Wazazi wakatoa simu kupiga picha. Pacha wakaangukiana na hawakugombana. Nikaona Mama Mkwe ameacha kitunguu saumu, ananitazama. Nikaongeza kasi. Nilijiona nimeshika funguo. Nikaacha makofi, wakarukia viti, nikapiga tena, wakaruka tena. Jumamosi yangu!

Kisha mwanyumba akageuka na piza. Akaanza mlangoni, akaenda mpaka kwenye sinki, akiweka moja moja mbele ya kila kiti, kwa mpangilio uleule aliozichukulia.

Ndipo nilipoelewa anafanyaje.

Hakuna kumbukumbu yoyote. Ni viti! Wa kwanza kutoka mlangoni anaingia wa kwanza upande wa kushoto wa tanuri, wa mwisho anaishia kulia, na zinatoka hivyohivyo. Ndiyo maana mtoto asihame kiti. Haikuwa adabu. Miaka yote nimefanya kazi pale na sikuwahi kuuliza.

Watoto walizitazama piza. Usidhani mtoto hajui piza yake. Mtoto anaijua hata zeituni yake. Kilio cha kwanza kilitoka kwa mwana wa daktari wa meno, aliyepata piza ya kitunguu kitupu. Wa pili akafuata, wa tatu, meza nzima ikaingia. Pacha walipewa piza moja iliyo nzuri na moja mbaya. Ikawa vita. Na yule wa gauni jekundu alisimama juu ya kiti, akiwa hana machozi bado, akauliza kwa sauti ni nani aliyekula moyo wake. Mvulana wa mwisho mezani aliacha kutafuna.

Wazazi wakaanza kuuliza imekuwaje. Mmoja aliniuliza mimi. Mke wangu alikuwa anakuja kutoka kaunta. Mama Mkwe alikuwa ananitazama. Nikaona vyumba vya juu, nikaona mizigo yetu ngazini. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, nikamsikia mtu anasema, kwa sauti yangu, kwamba ni mwanyumba, amezichanganya tanurini.

Mwanyumba alitazama watoto. Akatazama viti. Akanitazama, si kwa hasira, ningependa ingekuwa hasira. Akaegemeza beleshi ukutani, akamwambia Mama Mkwe, "Ni mimi, Mama. Nisamehe."

Akachukua donge jipya, akachuchumaa karibu na yule wa gauni jekundu, wakaanza moyo mwingine. Watoto wenyewe waliyamaliza mengine. Walianza kubadilishana vipande, nipe chako chukua changu, soko likachangamka, mwishowe walicheka kuliko wakati wa makofi. Wazazi waliondoka wametulia.

Kwa hiyo nimeshinda. Kosa ni lake, amelikubali mbele ya watu. Mbona basi naandika saa hizi badala ya kulala? Mke wangu amelala akinipa mgongo. Hajaniuliza kama naumwa. Kila siku ya wiki hii ameuliza, leo hajauliza.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Tumefunga. Tumefagia. Tumekaa: Mama Mkwe kwenye meza yake, mke wangu, shemeji mdogo (mke wa mwanyumba), mwanyumba, mimi. Funguo mezani. Nilikuwa nimevaa tai. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kukubali, na moja ya kukata rufaa.

Mama Mkwe akasema na mimi. Mimi! Hakupitia kwa mke wangu. Aliniangalia machoni na kuniita baba wa mjukuu wake, na nikajua yamekwisha, sijui kwa nini nilijua.

Alisema kwamba Jumatatu ileile, kabla hajakaa sawasawa baada ya kutangaza, mwanyumba alimwendea na kumwambia yeye hataki funguo. Zitampa shida ya bure. Anataka moto wake na unga wake. Funguo apewe mume wa mkubwa, maana ndiye anayejua watu. Alirudia tena Jumatano, na Mama Mkwe akakubali. Alimwomba mwanyumba aniambie mwenyewe, ili nisije nikadhani kuna kinyongo. Mwanyumba akajibu kwamba alijaribu Alhamisi nzima, lakini nilikuwa na kazi nyingi chooni.

Funguo zilikuwa zangu tangu Jumatano. Ningeweza kukaa tu. Ningeweza kulala!

Na vyumba? Mke wangu aliuliza vyumba gani, maana hapo nilikuwa nimevitaja kwa sauti bila kujua. Wote walinishangaa. Shemeji mdogo akasema hata wakilipwa hawahamii juu, mumewe hapendi ngazi. Hakuna aliyewahi kuwaza kututoa. Ni mimi peke yangu niliyewaza, wiki nzima, kwa niaba ya kila mtu.

Nikajaribu kusema kwamba ajali ya jana, kama alivyosikia, ilikuwa ya tanurini. Mama Mkwe akainua kiganja. "Nilikuwa nimekaa mlangoni, baba. Kilichochoka ni magoti, si macho." Akasema kuharibu piza si neno, kila mtu huharibu, hata yeye mwaka wa kwanza alichoma meza. Lakini mtu anayemtwika ndugu yake mzigo wake mwenyewe, tena mbele za watu, hawezi kupewa mlango wa nyumba ya watu.

Akazisukuma funguo mbele ya mke wangu. Mke wangu hakushangaa, wala hakufurahi sana. Alizichukua kama mtu anayeokota kitu chake kilichoanguka. Kisha akauliza kama unga wa kesho umekandwa.

Niliona aibu. Siipambi. Nilitaka sakafu inimeze, na mimi ndiye niliyeifagia.

Nilimfuata mwanyumba uani akiosha beseni la kukandia. Nikamwambia anisamehe. Nilikuwa tayari kungoja jibu hadi adhuhuri ya kesho. Akajibu palepale kwamba yamekwisha. Halafu akamwaga maji, na akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia: kwamba watu huja kwa ajili ya piza, lakini wale wanaobaki mpaka jua linazama, wakaagiza na ya pili, wanabaki kwa sababu ya hadithi zangu za majogoo. Yeye huzisikia akiwa tanurini. Hucheka, ila ameupa mkahawa mgongo kwa hiyo hakuna anayeona.

Nililia. Kweli nililia. Nikasingizia kitunguu, na pale uani hapakuwa na kitunguu.

Mke wangu ameniambia nitabaki mezani, na Meza ya Watoto ni yangu pia, bila makofi. Aliponiona nimekaa kitandani na tai yangu akanifungulia yeye. Hakuna tena mipango. Naapa kwa jina la mama yangu. Mimi na mipango basi.

Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Nimelala vizuri kuliko wiki nzima. Nimeamka nina amani. Nikiwa katika amani hiyo nikawaza: funguo ni seti moja tu. Moja! Je, mke wangu akizipoteza? Ana mambo mengi kichwani. Mume mwema hamwachi mkewe na mzigo kama huo.

Huu si mpango. Ni tahadhari.

Alipoingia kuoga nilizitoa chini ya mto, nikakimbia hadi kwa mchonga funguo wa kona, ambaye hufungua mapema. Nikamwambia anichongee wa mlango wa mbele, wa haraka. Akasema wa haraka hauna dhamana. Nikamwambia mimi ndiye dhamana. Nikarudi, nikaziweka halisi mahali pake kabla hajafunga maji bafuni. Hakujua! Nilikuwa nimefanya jambo zuri, kimyakimya, kama mwanyumba.

Nikashuka kwa ngazi ya nje kuujaribu. Mtu hawezi kukaa na ufunguo asioujua kama unafanya kazi. Uliingia vizuri. Ukagoma kuzunguka. Nikausihi. Nikautia nguvu kidogo.

Nusu iko mkononi mwangu. Nusu iko ndani ya kitasa.

Sasa wote wamesimama nje. Mlango wa uani huwa umekomewa kwa ndani. Mke wangu ana funguo halisi na hauingii hata mmoja. Mwanyumba amebeba kuni. Mama Mkwe amekalia kiti cha muuza aiskrimu. Kupitia kioo tunauona unga uliokandwa jana umeumuka, umeinua kifuniko, unashuka taratibu kutoka mezani kwenda sakafuni, na hakuna anayeweza kuufikia. Mke wangu ameuliza, kwa utulivu wake ule, kuna mtu amegusa kitasa hiki leo?

Nimesema sijui. Nimesema hata mimi nashangaa. Nimesema niachieni mimi, nitachunguza, na nimekuja nyuma ya kibanda cha aiskrimu kuandika haya ili kichwa kitulie. Fundi wa vitasa yuko njiani, lakini anakuja kwa baiskeli na tairi lake moja lina pancha. Nina muda wa kutosha kufikiria nimtaje nani.